Divisheni Isiyopungua

Hebu tuulizane, maana Koplo Luhende alijiuliza jambo hili mpaka kichwa kikamuuma: mtu yupo kwa sababu yupo, au yupo kwa sababu akiitwa kuna sauti inayoitika? Ukiniambia hilo ni swali la watu wasio na kazi, nitakubaliana nawe nusu nusu. Askari aliye ndani ya handaki ana kazi moja tu, kungoja, na kungoja kukizidi huwa ugonjwa. Luhende alikuwa amengoja mpaka akasahau anangoja nini. Vita vilipoanza, mto uliokuwa mbele yao ulikuwa ukiteremka kwenda kusini kama mito mingine yenye adabu. Sasa ulikwenda ulikotaka; kuna asubuhi uligeuka ukarudi ulikotoka, na hakuna askari aliyeinua hata shingo kushangaa. Wengine walisema haya ni masika ya tatu tangu wafike hapo bondeni. Wengine walisema masika ni yale yale, yamegoma kwisha. Hakuna aliyebishana sana, maana kubisha kunataka nguvu, na nguvu zao walizihitaji kwa ajili ya kuitikia.

Hapo kwenye kuitikia ndipo mambo yote yalipofungwa, kwa hiyo nieleze vizuri.

Asubuhi ya kwanza kabisa ya vita, Sajenti Meja Mbaruku alisimama mbele ya divisheni ya askari wa miguu, watu wamelijaza bonde toka kilima hiki hadi kile, akaita majina. Hakusoma popote, majina ya divisheni nzima yalikaa kichwani mwake, na ndiye aliyewafundisha kwata wote wale tangu walipokuwa makruta. Alipofika kwa Sanze, kimya. Sanze alikuwa amelala kando ya maji, risasi imempita shingoni, na rafiki yake Kilumbi ndiye aliyekuwa ametoka kumfumba macho. Kilumbi akalisikia lile jina likiitwa, akaliona linavyoning'inia hewani halina wa kulipokea, moyo ukamshinda. "Nipo, afande!" akaitika, tena kwa sauti ya Sanze mwenyewe. Sajenti Meja alimtazama. Alijua, angekosaje kujua mtu anayemtambua kila askari wake kwa mlio wa buti? Lakini machozi yalikuwa yamemlenga, naye hakutaka yaonekane. Akaita jina lililofuata.

Basi Sanze akawa yupo.

Kesho yake wengine walianguka, na waliosimama kuliani kwao wakawaitikia. Haikuchukua muda ikawa desturi, na desturi ikawa amri: aliye kulia humwitikia aliyeanguka. Kila jioni makao makuu yalipokea taarifa kwamba divisheni ipo kamili, na makao makuu yakavimba kichwa. Divisheni ikapewa jina la sifa, Divisheni Isiyopungua. Ikaletewa na bendera yenye nyuzi za dhahabu. Kisha, kwa kuwa divisheni haipungui, ikaongezewa kilima kingine cha kulinda, halafu kingine, halafu daraja lililokuwa limeshavunjika. Huruma ya mtu mmoja ilikuwa imegeuka kamba, na kila sifa iliyotoka makao makuu ilikuwa kama mtu anaikaza kidogo. Mimi nasema hivi: ukimwonea mtu huruma mbele ya mwenye madaraka, tazama kwanza mwenye madaraka ataitumiaje huruma yako.

Na waliokuwa wakiitikiwa hawakuondoka. Hili nalo lieleweke. Uji wao ulipungua kwenye vikombe ingawa hakuna aliyeonekana akinywa. Mabuti yao, yaliyopangwa kwenye mistari kila asubuhi na kung'arishwa na walio hai, yalilowa umande ndani, mahali ambapo nyayo hukaa. Jenerali alipokuja kukagua gwaride, mabuti ndiyo aliyoyakagua. Hakuwahi kuinua macho kupita magotini. Alipita mistari yote, akihesabu jozi kwa fimbo yake, akaridhika, akaondoka. Nani alikuwa amesimama ndani ya yale mabuti, hilo halikuwa swali la cheo chake.

Luhende alianza kwa kumwitikia kaka yake, Ngasa, aliyeanguka kushotoni mwake. Halafu aliyekuwa kushoto kwa Ngasa naye akaanguka, na wa kushoto kwa huyo, zigo likazidi kuhamia kwake. Wote wale aliwaitikia kwa sauti zao, bila kukosea. Lakini sauti ya Ngasa ndiyo iliyomla. Kila alipoitoa, kitu chake mwenyewe kilitoka nayo. Alimkumbuka mbwa aliyemng'ata mmoja wao utotoni, na sasa hakujua tena ni nani aliyeng'atwa. Alipandisha suruali kutafuta kovu, akalikuta, halafu akashuku hata hilo kovu. Alimkumbuka msichana aliyemcheka kisimani. Alimcheka nani? Mama alimpenda zaidi yupi? Na mimi huyu, mdomo huu, ukitoka kuwasemea wote hawa, unabaki na lipi la kusema?

Ngasa mwenyewe alikaa karibu naye ndani ya handaki, magoti yamekutana na kidevu. Alikuwa akififia kama kitambaa kinachofuliwa kila siku.

Asubuhi ninayoisimulia, ukungu ulikuwa bado umelala juu ya maji Sajenti Meja Mbaruku alipoteremka handakini. Alikuwa amenyoa ndevu, na walipomwona amenyoa wakajua kuna jambo.

"Jenerali anakuja," alisema. "Jua likipanda ataangalia gwaride, tutaitana majina mbele yake, halafu tunavuka. Divisheni nzima."

Waliokuwa hai walitazamana. Wangeweza wote kuketi kuzunguka sufuria moja na nafasi ikabaki ya mgeni.

"Divisheni nzima ipi, afande?" aliuliza Kilumbi. Yeye alikuwa mtu wa mzaha siku zote, ila siku hizi akicheka alicheka vicheko vya watu wengine, na mwenyewe aliposikia alinyamaza ghafla. "Hii yenye miguu, au ile yenye mabuti?"

"Kilumbi, usinianze."

"Sikuanzi, afande. Nauliza nijue nitavuka mara ngapi. Maana mimi nina watu wengi wa kuwavushia."

Sajenti Meja alifukuza nzi usoni. Luhende alimtazama, maana mzee huyu aliwahi kusimama kwenye jua kutwa nzima bila kufukuza hata nzi mmoja.

"Afande," alisema Luhende, "kule ng'ambo wana mizinga. Divisheni kamili ingevuka, labda. Sisi hatufiki hata katikati. Mwambie Jenerali tuko wangapi."

"Nimwambie nini? Kwamba nimemdanganya toka siku ya kwanza?"

"Ndiyo."

"Halafu hao nao?" Sajenti Meja alielekeza kidevu kwenye ile mistari ya mabuti. "Mdomo wangu ndio unaowaita, Luhende. Nikisema hawapo, hawapo. Umeshawahi kuua divisheni nzima kwa mdomo? Basi usinifundishe." Akapanda juu, na udongo ukamwagika nyuma yake.

Kutoka ng'ambo, ndani ya ukungu, wakawasikia maadui nao wakianza kuitana majina. Lilikuwa jambo la kila siku; pande zote mbili zilikuwa na saa ile ile ya kuitana, na hakuna aliyempiga mwenzake risasi wakati huo. Luhende alikuwa na tabia ya kusikiliza. Alikuwa amegundua kitu ambacho hakumwambia mtu, maana kukisema kulimtisha.

"Sikiliza," alimwambia Kilumbi. "Yule anayekohoa kidogo baada ya kuitika. Umemsikia?"

"Nimemsikia."

"Ngoja."

Wakangoja. Majina yakaitwa, yakaitikiwa kwa sauti nene, kwa sauti nyembamba, kwa sauti ya mtu aliyechoka, na nyuma ya karibu kila sauti, kale kakikohozi, kale kale, ka mtu mmoja mwenye kifua kibovu.

"Nyamaza, Luhende," alisema Kilumbi, ingawa Luhende hakuwa amesema kitu. Kijasho kilimtoka puani. "Nyamaza kabisa."

Luhende alinyamaza, lakini wazo halikunyamaza. Kwa hiyo kule hakuna jeshi. Kuna mtu mwenye kikohozi na mabuti. Na kule nako wanatuogopa, kwa sababu kila asubuhi wanasikia bonde zima likiitika. Tumetishana kwa marehemu wetu. Tukivuka leo, mwenye kikohozi atafyatua mizinga, nasi tutakufa wachache kwa wachache mpaka abaki mmoja, na huyo mmoja atasimama bondeni aitikie pande zote mbili, na makao makuu ya huku na ya kule yatapata taarifa kwamba vita vinaendelea vizuri. Kumbe madaraka hayahitaji watu! Yanahitaji sauti inayosema nipo.

Hapo akakata shauri. Jina la Ngasa litakapoitwa, hatalipokea. Mmoja tu akinyamaza mbele ya Jenerali, Jenerali itabidi aulize, na akiuliza itabidi ajibiwe.

Aligeuka kumtazama kaka yake. Alitaka kumuaga, au kumwomba radhi, hakujua tofauti yake ni nini. Ngasa alikuwa ameinua uso. Tangu aanguke hakuwahi kutamka neno, lakini sasa midomo ilikuwa inacheza.

"Usininyamazie, mdogo wangu."

Luhende alimsogelea. "Kaka, wanataka kutuvusha wote."

"Usininyamazie. Nitakwenda wapi?"

"Sijui."

"Hujui, na unanipeleka."

Angekuwa mtu mwingine angejifariji, angesema ule si mdomo wa Ngasa, ni woga wake mwenyewe umevaa uso wa Ngasa. Luhende alijaribu kujifariji hivyo na hakuweza. Alikuwa ameitumia sauti ile muda mrefu mno. Kama ilikuwa ya Ngasa ilikuwa ya Ngasa, na kama ilikuwa yake, basi ni yeye aliyekuwa akijiomba asijiue. Alimpenda kaka yake. Ndiye aliyemfundisha kuogelea, na ndiye aliyejiandikisha jeshini siku moja naye ili mdogo wake asiwe peke yake. Filimbi ikalia huko juu. Alifunga kamba za buti, akapanda, na nyuma yake akasikia mtu wa pili akipanda kwa shida.

Divisheni ilisimama mguu sawa. Mistari ya mabuti ilikwenda mpaka macho yalipochoka, mabuti safi, visigino vimegusana, na mahali fulani fulani ndani ya mistari ile palitokeza mtu, kama jino lililobaki kwenye ufizi wa mzee. Luhende alisimama mahali pake. Kushoto, mabuti ya Ngasa. Kulia, Kilumbi. Jenerali alikwishafika, alikuwa mtu mfupi, mkakamavu, macho chini, fimbo kwapani. Alikagua mstari wa mbele, akaguna kwa kuridhika.

"Endelea, Sajenti Meja."

Sajenti Meja Mbaruku akaanza kuita. "Sanze!"

"Nipo, afande!" alisema Kilumbi.

Majina yakaendelea. Walio hai waliitika kwa vinywa vyao vyote, na bonde likajaa watu. Luhende aliwaitikia wa mbali kwanza, kwa kuwa walipangwa mbele ya Ngasa, na kila nipo aliyoitoa aliionea aibu. Akasikia jina la Ngasa linakuja. Sajenti Meja alikuwa na namna ya kuvuta pumzi kidogo kabla ya jina hilo, sijui kwa nini, labda kwa sababu Ngasa alikuwa kruta wake hodari.

"Ngasa!"

Luhende akauma meno.

Upande wake wa kushoto kitu kilimshika mkono wa shati. Hakutazama. Jina lilikuwa limesimama hewani, mbele ya uso wake, na yeye alijua uzito wake wote: nyumba ya mama yao, kisima, mbwa, mto waliojifunzia kuogelea. Ulimi wenyewe ulipanda kulipokea kwa mazoea. Akauzuia. Alilia bila kutikisika, mguu sawa, machozi yakimshuka mpaka kwenye kola.

"Ngasa!" aliita Sajenti Meja mara ya pili, na sasa haikuwa amri, ilikuwa ombi.

"Yuko wapi huyu?" aliuliza Jenerali. "Mabuti yake nayaona hapa."

"Amekufa, afande," alisema Luhende. "Kaka yangu amekufa zamani."

Neno hilo lilikuwa halijawahi kutamkwa katika divisheni ile. Mkono uliomshika shati ukalegea, na jozi ya mabuti iliyokuwa kushotoni mwake ikalala ubavu, taratibu, kama mtu aliyepata ruhusa ya kukaa. Sajenti Meja hakuita jina lililofuata. Hakukuwa na haja. Kilumbi alikuwa ameanza mwenyewe, kwa sauti yake halisi, sauti ambayo Luhende hakuwa ameisikia kwa muda mrefu kiasi cha kuisahau: "Sanze naye amekufa, afande. Mimi ndiye niliyemfumba macho." Halafu wengine, huku na huku bondeni, kila mmoja akiwataja wake. Amekufa. Amekufa na huyu. Mabuti yakaanguka mstari kwa mstari, na vumbi likapanda, na lilipotua bonde lilikuwa tupu, isipokuwa wale wachache waliosimama wametengana, kila mtu peke yake.

Kwa mara ya kwanza Jenerali aliinua macho. Alikuwa na macho mazuri, ya upole, na jambo hilo lilimshtua Luhende kuliko kama yangekuwa mabaya. Aliwatazama mmoja mmoja. Midomo yake ilihesabu.

"Ni nyinyi tu?"

"Ni hawa tu, afande," alisema Sajenti Meja. "Kosa ni langu. Niadhibiwe mimi."

"Na hivi vilima vyote, na lile daraja, ni hawa waliovishika? Tangu lini?"

"Tangu zamani, afande."

Jenerali alitikisa kichwa kwa mshangao, na uso wake ukachanua. Luhende alipouona ukichanua alijua wamekwisha. "Basi mimi nimekuwa nikipoteza divisheni nzima nzima bure huko kwingine!" alisema Jenerali. "Kumbe watu wa sufuria moja wanatosha kwa kazi hii. Hongereni sana, vijana. Sajenti Meja, hakuna kitakachobadilika. Waite walio hai, kila mmoja aitike mwenyewe, kisha wavuke."

Hakuwa akitania. Hakuwa hata mkatili, na mimi ningefurahi kukuambia kwamba alikuwa mkatili, ingekuwa rahisi. Alikuwa amehesabu tu.

Sajenti Meja Mbaruku aligeuka kuwakabili. Alionekana mzee ghafla. Alianza na aliyeanzisha maneno.

"Koplo Luhende!"

Nipo. Neno lilikuwa hapo hapo, kwenye ncha ya ulimi, na safari hii lilikuwa la kweli, lake, la kwanza lake tangu lini. Alitamani kulisema kuliko alivyotamani maji. Baada ya kuwaitikia wengine wote, kuitika mwenyewe, kwa sauti yake, mara moja! Lakini akaona linakwenda wapi. Likitoka tu kinywani, litavuka mto. Akalimeza. Na alipolimeza akakumbuka jambo: kuliani kwake amesimama Kilumbi. Kilumbi asiyeweza kuvumilia kuliona jina likining'inia hewani. Kilumbi aliyeanza haya yote kwa kupenda.

Alimtazama kwa pembe ya jicho. Midomo ya Kilumbi ilikuwa imefunguka. Alikuwa anamtazama Luhende kama alivyomtazama Sanze, yaani alimwona amekwisha kufa, na mapenzi yake yote yalikuwa yamejikusanya mdomoni kumwokoa. Luhende hakuweza kusema usiitike. Kusema ni kuwepo. Alichoweza ni kumtazama tu, na akamtazama kwa nguvu zake zote.

"Koplo Luhende!"

Kilumbi aliweka ngumi mdomoni, akaiuma. Damu ikamchirizika hadi kiwiko. Hakutoa sauti.

"Amesimama pale pale, namwona!" alisema Jenerali.

"Hajaitika, afande," alisema Sajenti Meja, na katika sauti yake kulikuwa na kitu kipya. "Katika divisheni hii asiyeitika hayupo. Ndivyo tulivyofanya kazi miaka yote, na makao makuu yaliridhika." Akavuta pumzi. "Kilumbi!"

Kimya.

Akaita jina la tatu. Kimya. La nne. Waliokuwa wamezoea kujaza bonde kwa sauti walisimama wamefunga vinywa, mmoja akiwa amefumba macho kama mtoto anayejificha. Kila jina lilikwenda likapotelea mtoni. Ilichukua muda mfupi sana, hawakuwa wengi.

"Nani amebaki?" aliuliza Jenerali. Fimbo ilikuwa imemponyoka kwapani na hakuiokota. "Sajenti Meja, lazima kuna aliyebaki. Nani atawapeleka? Nani ataleta taarifa?"

"Limebaki jina moja, afande."

"Basi liite!"

Sajenti Meja Mbaruku alikusanya visigino, akatoa kifua mbele, akauelekea mto. Akaliita jina lake mwenyewe, kwa sauti ile ile ya kwata waliyoijua tangu walipokuwa makruta. Kisha akafunga mdomo, akangoja pamoja na vijana wake.